Mlango wa kioo wa kuteleza unakwama: usiumwagie mafuta tena

Swali: Jambo fundi. Nyumba yetu iko Himbi, hapa Goma, inatazama ziwa. Sebuleni kuna mlango mkubwa wa kioo wa kuteleza, wa alimini, wenye vipande viwili. Upana wake wote ni karibu mita 2 na nusu, kimo mita 2 na sentimita 10. Tangu kiangazi kilichopita kipande cha ndani kinakwama na kusaga kama kinu, watoto hawakiwezi tena. Fundi mmoja alikuja akamwaga mafuta ya injini. Kiliteleza juma moja, kisha kikawa kibaya kuliko mwanzo. Fundi mwingine anasema mlango wote umekwisha, tununue mpya. Tufanye nini?

Jibu: Mama, usinunue mlango mpya bado, na usimruhusu mtu kumwaga mafuta pale tena. Kwa jinsi ulivyoeleza, kioo ni kizima, na fremu huenda nayo ni nzima. Ugonjwa uko mahali padogo sana, kule chini, ambako ruleti mbili, yaani vigurudumu, zenye ukubwa wa kizibo cha soda zinabeba mzigo wote wa kipande hicho. Piga hesabu. Kioo kina uzito wa kilo 2 na nusu kwa kila mita mraba, kwa kila milimita ya unene. Kipande chako kina kioo cha mita mraba 2 na robo hivi. Kama unene ni milimita 5, hizo ni kilo 28. Ongeza alimini, kufuli na brosi za pembeni, unafika kilo 35 hadi 40. Kila ruleti inabeba nusu ya hapo, mwaka hadi mwaka, ikizunguka juu ya reli iliyojaa mchanga wa volkeno.

Huo mchanga ndio mwenye kesi. Chukua kidogo kutoka kwenye mfereji wa chini, ukiweke kwenye ncha ya kidole, utazame juani. Utaona punje nyeusi zinazometa, nyingine zina kingo kali. Sehemu kubwa ya majivu ya volkeno ni kioo kilichopondeka, na kioo ni kigumu kuliko alimini. Kikiwa kikavu, ruleti inakiponda na kukisukuma pembeni. Kikichanganyika na mafuta, hakiendi popote. Kinashikamana na reli na kujipaka kwenye ruleti. Mekaniki wa magari wana dawa maalumu ya kusagia valvu, na dawa hiyo ni punje ngumu ndani ya mafuta mazito. Fundi wako alikutengenezea dawa ileile, akaiweka chini ya kilo 40. Juma moja la kuteleza lilikuwa ni mafuta mapya. Baada ya hapo ulianza msasa.

Mafuta ya mawese, ya kupikia na grisi ya magari yote yana kosa hilohilo.

Kabla ya kugusa visi (skrubu) yoyote, tumia dakika 10 kuusikiliza mlango. Usishike kitasa. Piga goti, weka mkono chini, karibu sentimita 30 kutoka sakafuni, usukume polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukisukuma kwa juu kipande kinainama kidogo na kukudanganya. Kama kinakwama mahali palepale kila mara, reli imebonyea hapo au kuna kijiwe kimejikita. Kama ni kizito mwanzo hadi mwisho, shida ni uchafu au ruleti zilizokufa. Ukisikia tuk, tuk, tuk kwa umbali ulio sawa, ruleti imepata bapa upande mmoja: ruleti yenye kipenyo cha milimita 25 hupiga tuk moja kila sentimita 8 hivi. Na kama kipande ni chepesi pembeni lakini kinabana katikati ya safari, inua macho utazame mfereji wa juu. Ukiona alimini iliyokwaruzwa inang'aa, basi si ruleti, ni ukuta unaoshuka. Hilo nitalirudia, maana Goma si mji wa kudharau mitetemeko.

Sasa funga kipande hadi kibaki sentimita 1 kabla ya kugusa fremu. Tazama ule mwanya wa wima. Ukiwa sawa juu na chini, vizuri. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, kipande kimelala upande mmoja: ruleti moja imeshuka au imevunjika.

Chukua pia vipimo vitano kwa kipimo cha utepe. Pima kimo cha uwazi wa fremu kushoto, katikati na kulia. Kisha pima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, kwa mshazari. Andika namba zote. Mishazari ikitofautiana kwa milimita 3 au pungufu, fremu haijapinda kiasi cha kukusumbua. Kimo cha katikati kikiwa pungufu kwa zaidi ya milimita 3 kuliko pembeni, kuna kitu kinaikandamiza.

Kusafisha ndiko kazi yenyewe. Milango mingi inayoitiwa fundi ingepona hapa tu. Anza pakavu kabisa. Ukimwaga maji kwanza, mchanga unakuwa tope, tope linaingia chini ya ruleti na kwenye matundu ya kutolea maji, na ukikauka unakuwa kama sima (saruji). Vaa barakoa, maana vumbi hili halifai mapafuni. Tumia brosi ya rangi yenye upana wa sentimita 2 na nusu pamoja na mswaki wa zamani, ufagie mfereji kutoka katikati kwenda pembeni, na uchote uchafu kwa kipande cha karatasi ngumu. Mashine ya kufyonza vumbi inasaidia sana kama umeme upo. Kama haupo, brosi na subira vinatosha. Sukuma kipande kulia, safisha kushoto, kisha geuza. Mahali panaposahaulika ni zile sentimita 5 za mwisho kwenye kila pembe, ambako uchafu wote husukumwa na kushindiliwa. Pale tumia turnevisi (bisibisi) bapa uliyoifunga kitambaa, ili isichane reli.

Kwa sababu kuna mafuta ya injini, maji na sabuni havitatosha peke yake. Lowesha kitambaa kwa petroli, yaani mafuta ya taa, usitumie esansi, ile ya magari. Nusu glasi inatosha kwa mfereji wote wa mita 2 na nusu. Fungua madirisha, na mbabula (jiko la makaa) isiwepo karibu. Futa reli hadi kitambaa kisitoke cheusi. Utabadilisha vitambaa vinne au vitano. Petroli isikae kwenye mipira na plastiki, inailegeza. Kwa hiyo mara baada ya kumaliza, pitisha kitambaa cha maji ya vuguvugu yenye sabuni: lita 5 kwa vijiko viwili vya sabuni ya vyombo. Suuza, kausha. Usitumie chuma cha kusugulia sufuria, kitaacha michirizi ambayo mchanga utaipenda. Usitumie pia ile asidi wanayooshea vigae.

Halafu tafuta matundu ya kutolea maji. Yako kwenye mfereji wa chini, mengine yanaonekana kwa nje kama vijipengo virefu chini ya fremu. Yachokonoe kwa waya laini. Kisha mwaga kikombe kimoja cha maji ndani ya mfereji na utoke nje uangalie. Maji yatoke yote ndani ya dakika moja au mbili. Yakibaki, kuna mwashi aliyefunika matundu kwa sima au kigae, au mtu ameyaziba kwa silikoni akidhani ni njia ya mende. Hapo ruleti zako zinaoga kila mvua inaponyesha, na ruleti inayooga inashika kutu ndani ya ruleman (beringi). Hapa kwetu maji yenyewe si ya kawaida: moshi wa volkeno yetu ya Nyiragongo unabeba gesi ya salfa, na mvua inayopita ndani yake inashuka na asidi. Ndiyo maana mabati na visi vya chuma cha kawaida huisha haraka. Ushauri mwingi kuhusu milango ya alimini umeandikwa kwa watu wa baharini na unahofia chumvi. Ziwa Kivu halikurushii chumvi, mama. Adui wako anatoka upande wa mlima.

Reli ikishakauka, ndipo unapolainisha. Kinachofaa ni silikoni ya kupuliza inayokauka: puliza kwenye kitambaa, pitisha kitambaa juu ya mgongo wa reli, basi. Usipulize moja kwa moja sebuleni kwenye vigae, mtu atateleza avunjike. Kama huna, chukua mshumaa mweupe, usugue mgongo wa reli kwa wepesi mara mbili, kisha ufute kwa kitambaa kikavu hadi usione nta. Nta ikibaki mabonge, nayo itakusanya mchanga. Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza visi vilivyoshika kutu ni nzuri kwa kazi yake hiyo, lakini kwenye reli inaacha unyevu wa mafuta, ukiitumia, ifute.

Sukuma tena. Kama kipande kimekuwa chepesi, umemaliza. Mimi nadhani chako kitapata nafuu lakini hakitapona, kwa kuwa ruleti zimekwisha kusagwa mwaka mzima. Endelea.

Kwenye ukingo wa chini wa kipande, karibu na kila pembe, kuna tundu dogo, mara nyingi limefunikwa kwa kifuniko cha plastiki. Ndani yake kuna visi ya kurekebisha kimo cha ruleti. Wengi huanza kuizungusha kwa nguvu wakati kilo 20 bado zinaikalia, kichwa cha visi kinachakaa, na kuanzia hapo hakuna turnevisi itakayoishika. Ondoa mzigo kwanza. Weka kipande cha ubao chini ya ukingo wa kipande, karibu na ruleti, utumie ubao mwingine kama wenzo, mtu mmoja akiinua kwa milimita 2 tu huku mwingine akizungusha visi. Nusu mzunguko, shusha, jaribu. Kwenye milango mingi kuzungusha upande wa saa kunainua kipande, lakini si yote, kwa hiyo tazama mwanya badala ya kuamini mkono. Lengo ni mwanya wa wima ulio sawa juu na chini, na ukingo wa chini usiguse reli mahali popote. Usiinue kupita kiasi: juu kipande kitagonga. Usishushe kupita kiasi: sehemu iliyoingia ndani ya mfereji wa juu isipungue sentimita 1, la sivyo upepo wa ziwani siku moja utakitoa.

Kama visi inazunguka na kipande hakisogei, au kipande kinapanda kisha kinarudi chini, mkono wa ruleti umevunjika. Na hata kama kimekaa sawa, lakini bado kinasaga, ruleti zitoke.

Kukitoa kipande ni kazi ya watu wawili wenye nguvu, na wa tatu wa kushika upande wa kioo. Viatu vilivyofunika vidole, glavu ngumu, watoto nje. Tazama pembe za kioo: kioo kilichoimarishwa kwa moto mara nyingi kina muhuri mdogo uliochapwa pembeni. Hicho kikivunjika kinamwagika punje punje. Kisicho na muhuri kichukulie kuwa ni kioo cha kawaida, kinachovunjika vipande virefu kama visu. Bandika utepe mpana kwa mkato wa msalaba pande zote mbili. Utepe hauzuii kioo kuvunjika, unazuia vipande kuanguka juu ya miguu.

Kipande cha ndani ndicho kinachotoka kwanza. Juu, ndani ya mfereji, kuna vijipande vya plastiki au alimini vilivyofungwa kwa visi ili kipande kisiweze kuinuliwa. Vifungue, uviweke kwenye bakuli pamoja na visi vyake. Zungusha visi za kurekebisha ili ruleti ziingie ndani na kipande kishuke kabisa. Kisogeze katikati ya mlango, ambako hakishikani na mwenzake wala na kufuli. Inueni wima hadi juu kabisa ndani ya mfereji wa juu, kisha mvute miguu yake upande wa chumbani. Kikikataa, msikivute kwa nguvu: kuna kijipande cha juu mmekisahau, au ruleti moja haijaingia. Ukishakitoa usikilaze sakafuni. Kisimamishe juu ya mbao mbili zilizofunikwa blanketi, kikiegemea ukuta kidogo, na mtu asipite mbele yake.

Ruleti sasa ziko mbele ya macho yako. Kwa milango mingine unafungua visi moja kwenye ncha ya ukingo wa chini na kisanduku cha ruleti kinatoka kizima. Kwa mingine ukingo wa chini wote lazima ugongwe utoke kwa nyundo ya mpira, na hapo kioo kinabaki kimeshikwa na mipira yake tu. Kama wako ni wa aina hiyo, mwachie fundi wa alimini, na umwambie uliyoyasoma hapa.

Zungusha ruleti kwa kidole. Nzima inazunguka kimya, na ukiitikisa haichezi. Mbovu inakwama, inalia, ina bapa, au shimo la katikati limekuwa yai. Chako, kwa mafuta yale, naamini utakuta bonge jeusi linalofanana na lami limezunguka ekseli. Usijaribu kuiosha na kuirudisha; punje zimeshaingia ndani ya ruleman na hazitoki.

Peleka ruleti ya zamani mkononi kwenye kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi), hasa mtaa wa Birere ambako kuna chaguo, na usikubali kununua kwa maelezo ya mdomo. Vitu vinavyopaswa kufanana ni kipenyo cha gurudumu, umbo la mfereji wake (wenye pembe kama V, wa mviringo, au bapa), upana na kimo cha kisanduku, na mahali visi ya kurekebisha ilipo. Milimita moja ya tofauti kwenye kimo unaweza kuirekebisha kwa visi. Milimita moja kwenye upana wa kisanduku haikusamehe: kisanduku hakitaingia, au kitaingia na kucheza. Mwambie muuzaji uzito wa kipande, kilo 40, umuulize ruleti hiyo imetengenezwa kwa kilo ngapi. Zile nyepesi za madirisha zinafanana sana kwa macho na zinavunjika baada ya miezi michache.

Kuhusu mali ghafi, nina msimamo. Kama reli yako ni alimini tupu, nunua ruleti ya nailoni ngumu yenye ruleman ndani, iliyofunikwa pande zote mbili. Ruleti ya chuma juu ya alimini tupu inakula reli, na reli ni ghali kuliko ruleti. Kama reli imevishwa kofia ya chuma kisichoshika kutu, hapo ruleti ya chuma inakubalika na inadumu. Nunua nne, za vipande vyote viwili. Ukibadilisha moja tu, mpya inasimama juu, ya zamani iko chini, kipande kinalala na mpya inabeba zaidi ya sehemu yake. Visi nazo chukua za chuma kisichoshika kutu. Nenda na kisumaku kidogo. Visi ya kawaida iliyopakwa zinki sumaku inaivuta kwa nguvu. Ile nzuri mara nyingi inavutwa kidogo sana au haivutwi kabisa.

Wakati kipande kiko nje, ndiyo nafasi ya kuikagua reli. Pitisha ukucha juu ya mgongo wake kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukucha unaona kuliko jicho. Ukikuta ukingo uliosimama, lainisha kwa tupa ndogo, kisha msasa namba 240, umalizie na 400, ukisugua kwa urefu wa reli, kamwe si kwa kuikata. Usitoe zaidi ya lile donge. Reli iliyobonyea unaweza kuinyoosha kidogo kwa koleo iliyofungwa kitambaa, polepole. Alimini ikikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi inakatika. Reli iliyochakaa hadi mgongo wake umekuwa bapa na mpana haina dawa ya msasa, lakini inaweza kuvishwa kofia ya chuma kisichoshika kutu, mkanda mrefu uliokunjwa unaopachikwa juu yake. Kofia inaongeza milimita 1 hivi ya kimo, kwa hiyo shusha kipande kwa visi kwa kiasi hicho. Iwe kipande kimoja bila kiungo, kwa sababu kiungo kitakupigia tuk kila siku. Bandika kwa matone machache ya silikoni, mbali na matundu ya maji.

Kuhusu brosi za pembeni, zile zenye nywele zinazozuia vumbi, neno moja tu. Zikibadilishwa, pima upana wa mgongo na urefu wa nywele wa ile ya zamani. Watu hununua yenye nywele ndefu wakitaka kuzuia vumbi zaidi, na nywele ndefu ni breki. Mlango uliokuwa mwepesi unakuwa mzito na lawama zinaangukia ruleti mpya.

Sasa ule ukuta. Kama vipimo vyako vilionyesha katikati pamepungua, au mishazari imetofautiana, kumbuka lini mlango ulianza kubadilika. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, mji ulitetemeka siku nyingi mfululizo na nyumba nyingi zikapasuka. Nyufa nyingine zilipakwa rangi tu. Tazama juu ya pembe za mlango, ndani na nje. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya fremu unakuambia lenta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya mlango, imesogea au imeshuka. Fremu ya alimini haikutengenezwa kubeba ukuta. Kati yake na saruji panapaswa kuwa na mwanya wa milimita 5 hadi 10 uliojazwa kitu laini, povu au silikoni. Waashi wengi wanaujaza sima ngumu, basi lenta ikishuka kidogo inakaa moja kwa moja juu ya fremu.

Usikubali mtu akate kipande kwa juu ili kipite. Ukifanya hivyo unatibu kiatu wakati mguu umevunjika. Mwite mwashi kwanza, aiwekee lenta nguzo za muda, achonge ile sima iliyo juu ya fremu hadi mwanya urudi, kisha ndipo fremu inyooshwe na mwanya ujazwe povu. Kama nyufa ni pana kiasi kwamba kadi ya simu inaingia na bado zinaongezeka, acha mlango kabisa, utafute mhandisi aangalie nyumba.

Kuna pia kushuka kwa chini. Weka nivo (pimamaji) juu ya reli. Kama katikati pamezama, mara nyingi ni kifusi cha mawe ya volkeno kilichowekwa chini ya sakafu bila kushindiliwa. Mawe yanajipanga upya kila mtetemeko. Hapo kizingiti kinainuliwa kwa vibamba vya plastiki ngumu kila sentimita 30 hadi 40, hadi nivo itulie, na sima inasukumwa chini yake kujaza pengo. Vibamba vya mbao visitumike. Vinaoza na unarudi ulikotoka. Na sima mbichi ikidondokea alimini ifute hapohapo kwa maji, inaacha madoa yasiyotoka.

Yule fundi aliyesema mlango umekwisha atakuwa na haki katika hali tatu tu: kama reli imelika hadi sakafu ya mfereji imetoboka, kama viungo vya pembe za kipande vimeachana na visi hazishiki tena, au kama fremu imepindwa na ukuta kiasi kwamba mishazari inatofautiana kwa sentimita nzima. Mwombe akuonyeshe mojawapo kwa kidole. Bei ya ruleti nne, visi na siku moja ya kazi haifiki hata karibu na bei ya mlango mpya, na mlango mpya ukiwekwa juu ya mchanga uleule na mafuta yaleyale utalia kabla ya kiangazi cha pili.

Mkimaliza, rudisheni kipande kwa njia ileile kwa kugeuza: juu kwanza, kisha miguu juu ya reli, kisha inueni kipande kwa visi hadi mwanya uwe sawa. Kufuli huenda haitaingia tena kwenye tundu lake kwa kuwa kipande kimepanda. Hilo si kosa. Ile chuma ya fremu inayopokea ndoano ina matundu marefu: legeza visi zake mbili, isogeze juu kwa milimita zinazohitajika, kaza. Kipande kizuri cha kilo 40 mtoto wa miaka saba anakisukuma kwa mkono mmoja, na kinasimama chenyewe pale unapokiachia, hakirudi wala hakitoroki. Kikitoroka, reli haijakaa nivo.

Kuanzia Juni hadi Agosti fagia mfereji kwa brosi kavu kila wiki mbili. Miezi ya mvua mara moja kwa mwezi inatosha, pamoja na kikombe cha maji kukagua matundu. Mlima ukimwaga majivu, acha mlango umefungwa hadi uwe umefagia mfereji.

Na vile vijipande vya juu vilivyo kwenye bakuli, vifungeni siku hiyohiyo, kabla ya giza. Mafundi wengi huviacha mfukoni kwa sababu mlango unateleza vizuri bila hivyo. Bila hivyo, mtu aliye nje anaweza kukiinua kipande chote na kuingia, kufuli ikiwa imefungwa.